Nilivyomfundisha Koko Kwamba Baba Amekufa

Juzi nilipita Chilinde, hapa Lilongwe, nyuma ya soko, kwenda kwa rafiki yangu anayeshona nguo, nikapokelewa na harufu ya muhogo uliolowekwa. Mnaoijua mnaijua. Muhogo umekaa majini siku tatu au nne, umelainika, umetolewa na kuanikwa juu ya gunia, na kila anayepita anaziba pua isipokuwa sisi tuliotoka Kongo. Majirani wa rafiki yangu wameshalalamika mara kadhaa. Mimi nilisimama palepale njiani nikavuta pumzi hadi mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya Koko, mama mzazi wa baba yangu. Mikono yake ilinukia muhogo hata miaka ile ambayo hakuugusa tena.

Mama wa rafiki yangu alikuwa ameketi kando ya magunia hayo. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Nsungwi. Baada ya kitambo kidogo akaniuliza tena natoka wapi. Rafiki yangu akanivuta pembeni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Sasa njo iko hivi kila siku," akasema. "Anaulizia kaka yangu mukubwa. Namuambia alikufa, analia. Kesho anauliza tena. Mi nimechoka. Na kusema bongo, kumudanganya mama, sitaki, mi ni mutu wa kanisa."

Jibu nililo nalo ni refu, tena linaanza na kosa langu mwenyewe, nikiwa na miaka tisa hivi pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Naliandika kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote tuliofika umri huu ambao wazazi wanaanza kurudia maswali.

Nyumbani tulikuwa watu watatu: mama, Koko na mimi. Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga barazani, na mlio wake ndio ulioniamsha asubuhi. Baba alikufa njiani wakati tunakimbia kutoka Fizi, mimi nikiwa bado mgongoni. Sikumjua, hatukuwa na picha yake hata moja, na mama hakumtaja. Nilijua kwamba baba alikufa jinsi nilivyojua kwamba mji mkuu wa Malawi ni Lilongwe. Ukiniuliza nilikujibu haraka, kisha nikaendelea kucheza.

Jina la baba lakini tulilisikia kutwa. Kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza wa Koko alikuwa baba yangu, Alimasi. Basi kambi nzima ilimwita Mama Alimasi. Mama Alimasi, umelala je? Mama Alimasi, umeshapata maji? Alitoka bombani ameitikia jina la mwanawe mara ishirini.

Na tulikuwa kwenye prosesi. Aliyeishi kambini hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine nitasema: familia inaitwa ofisini kwa mahojiano, majibu yanaandikwa, na baada ya mwezi au miaka inaitwa tena, inaulizwa yaleyale, ili waone kama maneno yanalingana. Yakilingana, huenda siku moja mkapanda ndege kwenda nchi nyingine kuanza upya. Kesi yetu ilisimama juu ya jambo moja, ujane wa mama. Mwanamke mjane, na mtoto mdogo, na mama mkwe mzee. Katika mahojiano ya kwanza Koko alijibu vizuri kabisa, akataja hadi jina la kijito cha kwao.

Ya pili yalipokaribia, Koko alikuwa ameanza kupotea. Alitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Alimtazama mama akamuuliza ni binti wa nani. Siku moja bombani akawaambia wenzake kwamba anaharakisha kwa sababu Alimasi yuko shambani na hajala tangu asubuhi. Mama alikuwa nyuma yake na ndoo, akasikia. Jioni ile hakushona.

"Akisema vile mbele ya bantu ba ofisi," aliniambia kwa sauti ya chini, "batasema mi nilidanganya. Batasema bwana yangu iko muzima, nimemuficha. Na kesi itakufa."

Hakuna kati yetu aliyejua kwamba ule ni ugonjwa na kwamba una jina. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema kuna mtu nyuma yake, kanisani wakamwekea mikono. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa wa kwanza darasani, na kihere­here changu kilijulikana mtaa mzima. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu niliziona zimefunika hadi masikio. Darasani kwetu aliyesahau alikuwa hajarudia somo, basi. Kwa hiyo Koko hakurudia somo.

Mama aliniambia neno moja tu: "Ukitoka masomo, umukumbushe-kumbushe Koko." Alimaanisha kwa upole, katikati ya maongezi. Mimi nilifungua shule.

Ubao wangu ulikuwa mlango wetu wa mbao, chaki yangu kipande cha mkaa. Nilimketisha Koko kwenye kigoda, nikasimama mbele yake na fimbo ya kuonyeshea, kama mwalimu wetu. Jina lako nani? Ulizaliwa wapi? Hayo aliyaweza, na alifurahi kuulizwa. Kisha nikafika pale.

"Koko, Alimasi iko wapi?"

"Iko ku shamba."

"Hapana. Alimasi alikufa. Sema: alikufa."

Alinitazama. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua mawe. "Nani alikuambia?" akauliza, taratibu sana.

"Bote banajua. Alikufa ku njia. Sema, Koko."

Mikono yake ikalegea, ungo ukateleza, maharage yakamwagika. Machozi yakaanza kutoka bila sauti, akawa anayaacha tu yashuke hadi kidevuni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani limeingia. Niliona kwamba kila somo lina dalili yake ya kueleweka: hesabu ikieleweka mtu anatabasamu, na somo la kifo likieleweka lazima mtu alie. Nikaenda mlangoni nikapiga alama ya vema.

Kesho yake niliuliza tena, akasema yuko shambani, nikamwambia alikufa, akalia. Vema nyingine. Ilinishangaza kidogo kwamba lililoingia jana halikuonekana leo, lakini hata darasani watu husahau, ndiyo maana kuna marudio. Siku ambayo hakulia nilidhani hakusikiliza, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi mpaka akalia. Nimejaribu mara nyingi kumsamehe yule mtoto. Alikuwa na nia njema na alitaka sote tupande ndege, lakini kila nikikumbuka ile sauti kubwa zaidi, moyo unaniuma upya.

Alama za vema zilipojaza ubao wa juu wa mlango, Koko alikuwa ameacha kuongea. Chakula alikigusa tu. Mama alipika uji akamlisha kwa kijiko, akisema mgonjwa haulizwi uji, lakini Koko alifumba midomo akageukia ukuta. Saa ambayo watoto tunarudi kutoka shuleni, tukisikika kwa mbali tunapiga kelele, alikuwa anahama kutoka barazani kwenda chumba cha ndani. Mimi sikuunganisha hayo mawili. Nilimfuata kulekule ndani na fimbo yangu.

Siku moja nilirudi nikakuta kigoda kitupu na chumba cha ndani kitupu. Mama alikuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja. Nilitazama bombani, nikatazama kanisani, nikaanza kuogopa kweli. Kisha nikasikia sauti ya Koko upande wa pili wa ua wa nyasi, kwa Mama Claudine. Koko ambaye kwetu alikuwa hajatamka neno wiki nzima, kule alikuwa anaongea bila kukatika.

Mama Claudine alikuwa Mnyarwanda aliyepitia Kongo kama wengi, anauza mandazi, mwanamke mnene wa kucheka na kutania. Alinitania mimi zaidi ya wote, akiniita Madamu Direktris, yaani mwalimu mkuu, kwa hiyo nilimkwepa. Nilijibanza nyuma ya ua.

"Nimekimbia," Koko alikuwa anamwambia. "Kule kwetu kuko mwalimu moja mudogo. Kila siku anakuya kuniletea kifo ya mutoto yangu. Nalia, nanyamaza. Kesho tena anakuya nayo. We Mama, mutoto moja anakufaka mara ngapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Sidhani kama nilielewa yote, lakini nilielewa kwamba mwalimu mdogo ni mimi, na kwamba Koko, ambaye alinibeba mgongoni kutoka Fizi mama alipochoka, amekimbia nyumbani kwa ajili yangu.

Nilimsubiri Mama Claudine aseme lolote. Ama angemwambia mwanao ni mzima, ama angemwambia amekufa. Hakusema hili wala lile.

"Yoo, Mama Alimasi," akasema. "Pole. Na huyu Alimasi, alikuwa mutoto wa namna gani?"

Nikamsikia Koko anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Koko ana kicheko. Akasema Alimasi alikuwa mkaidi wa jembe. Akiwa mdogo kabisa alilazimisha kubeba jembe la mama yake kwenda shambani, na kwa kuwa lilimzidi, alilikokota, likachora mstari katikati ya njia kutoka mlangoni hadi kwenye muhogo. Mtu akimtafuta, alifuata mstari. Tena yule mbeba jembe alikuwa anaogopa jogoo. Jogoo akisimama njiani, jembe linaachwa, Alimasi anakuwa mgongoni kwa mama.

Nilikaa pale chini ya ua nikisikiliza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia jambo lolote kuhusu baba yangu zaidi ya kwamba alikufa.

"Madamu Direktris," Mama Claudine akaita, "miguu yako inaonekana. Kuya ule mandazi."

Niliingia. Koko aliniona, akavuta kitenge chake mabegani. Mama Claudine akanikalisha mbali kidogo, chini kuliko Koko, mahali ambapo Koko angeniona usoni bila kuinua kichwa. Akanipa nusu ya ungo wa maharage nichambue. Hakunigombeza. Alisubiri mpaka Koko aliposinzia, ndipo akaniambia kwamba alipofika nchi hii alifanya ganyu Lilongwe, kibarua cha kumtunza agogo mmoja, bibi kizee aliyekuwa hivyohivyo.

"Ule agogo, kila asubuhi anauliza mama yake iko wapi. Na yeye mwenyewe iko na miaka makumi munane. Binti yake anamujibu: mama, alikufa zamani. Agogo analia mpaka saa sita. Kesho vilevile. Mi siko munganga, mutoto yangu. Nilichoka tu na kulia kwake. Siku moja nikamuuliza, mama yako alikuwa anapika nini? Akaniambia mboga zote. Ile siku hakulia."

"Lakini Alimasi alikufa," nikasema. Nilikuwa bado mwanafunzi bora.

"Alikufa, eeh. Nani amekataa? Lakini Koko hakuulizi habari ya kaburi. Anakuambia namukumbuka mutoto yangu. Umujibu ile."

Nilirudi nyumbani nikachukua kitambaa na maji, nikafuta mlango wote.

Mama aliporudi aliuona mlango kabla hajaniona mimi. Nilimweleza, nikimchanganya Koko, agogo wa Lilongwe na mandazi. Mama alikuwa amebakiza siku kumi na mbili kabla ya mahojiano. Aliita juu ya ua kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Mama Claudine, we dosye yako ya ofisi haina Koko. Usinifundishie mutoto. Unataka tuozee hapa?"

Mama akamketisha Koko kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Jua lilikuwa bado liko juu, majirani wengi walikuwa kwenye foleni ya maji.

"Mama, unisikilize vizuri. Alimasi alikufa. Tulimuzika pembeni ya njia. We ulikuwa pale. Mi njo nilishika miguu yake."

Koko alimtazama mama usoni kwa muda mrefu. Sijui alisoma nini pale, lakini safari hii hakulia kimyakimya kama alivyonililia mimi. Alifungua kilemba chake akakitupa. Akashuka kutoka kwenye kigoda akakaa mavumbini, akaweka mikono kichwani, akapiga ukunga wa Fizi, ule wa kuita kijiji.

Na kambini ukunga haupuuzwi. Wanawake waliacha ndoo kwenye foleni wakaja mbio. Wa kwanza aliingia na kitenge kimefungwa kiunoni tayari kwa msiba. Mwingine akaja na bakuli la unga. Wanaume wawili wakaleta kuni, wakazitua mbele ya nyumba, wakaanza kutazama mahali pa kuwasha moto. Kila mmoja aliuliza nani amekufa, na Koko akawajibu kwa jina: "Alimasi. Alimasi yangu."

Mama alisimama katikati yao, uso umemshuka kwa aibu. "Mutusamehe," alikuwa anasema, akimgeukia huyu na huyu. "Haiko leo. Ni zamani. Koko ni mugonjwa. Mutusamehe, mubebe kuni zenu."

Watu wakatazamana. Wengine walikwisha kuinama kuchukua vitu vyao. Hapo ndipo Mama Claudine alipoingia, unga wa mandazi ukiwa bado mikononi, na mkeka kwapani.

"Zamani, mulimulilia?" akamuuliza mama.

"Tungemulilia wapi? Tulikuwa tunakimbia."

"Basi, mukae." Akautandika mkeka.

Wakakaa. Ndivyo ilivyokuwa, wala sikuongezea. Watu waliokuja kwa makosa wakaketi kwenye msiba wa mtu aliyekufa miaka minane nyuma, ambaye wengi wao hawakupata kumwona. Koko akamvuta mama kifuani, akamfunika kichwa kwa kitenge chake, akamwambia, "Mutoto yangu. Na we bado kijana hivi." Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Alimlilia mumewe mbele za watu, kwa mara ya kwanza, na mikono ya watu ikiwa mgongoni mwake. Shemasi wa kanisa letu akaomba. Wakaimba nyimbo mbili. Mtu akamuuliza Koko huyu Alimasi alikuwa nani, Koko akasimulia jembe na jogoo, watu wakacheka kama wanavyocheka msibani. Kisha mama akainua uso uliovimba akasema alikuwa analala na mguu mmoja nje ya blanketi, hata wakati wa baridi. Nikaliweka hilo pamoja na jembe.

Walipotawanyika, kuni waliziacha. Mama Claudine alimpangusa mama uso akaenda zake bila kumkumbusha maneno ya kwenye ua. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema tu, na akadai mkeka wake.

Asubuhi Koko aliamka hakumbuki chochote, akauliza kama Alimasi ameshatoka kwenda shamba. Nilimtazama mama. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akaiweka chini, akaenda kukaa kando ya Koko.

"Unamukumbuka sana, Mama?"

"Eeh. Sana."

"Hata mi."

Hakukuwa na uongo ndani yake. Hilo ndilo ninalotaka rafiki yangu wa kanisa alisikie.

Toka siku ile mama alibadilisha mambo bila kuyatangaza. Cherehani aliigeuza ili Koko akae upande wa kitambaa kinapotokea, akishike kisianguke, na akimaliza mama anamwambia aksanti. Muhogo ukipatikana, Koko ndiye aliyeamua umelainika au bado, na vidole vyake havikukosea hata siku moja. Tuliacha kumsemesha kutoka nyuma. Jioni alipotaka kumpelekea Alimasi chakula shambani, hatukufunga mlango tena. Mama alipakua sahani, akaifunika, nami nikaibeba, tukatoka wawili polepole, tukisalimiana na watu, Mama Alimasi huku, Mama Alimasi kule. Tukifika kwa Mama Claudine anatuambia tupumzike kwanza, na tukipumzika Koko anaona njaa, na sahani inaliwa na sisi. Alianza kunenepa. Alianza kunitania. Jina langu lilimponyoka, lakini hakunikimbia tena, na kila jioni njiani nilimuuliza Alimasi alikuwa mtoto wa namna gani. Nikapata kwamba alikula kwa mkono wa kushoto hata alipochapwa. Nikapata kwamba aliwahi kuficha mbuzi chini ya kitanda ili asichinjwe.

Lakini siku kumi na mbili ni siku kumi na mbili, na zikaisha. Kuamkia siku yenyewe mama alinyoosha nguo zetu zote, akamfunga Koko kilemba kipya alichokishona kwa vipande. Sikumwuliza itakuwaje. Nilijua Koko atasema nini, na mama alijua vilevile.

Katika chumba cha mahojiano walikuwepo mama mmoja wa ofisi na kijana mkalimani. Waliuliza majina, wakauliza vijiji, Koko akajibu vizuri, akataja na kijito. Kisha yule mama akageuza karatasi, akamuuliza Koko mume wa mkwe wake yuko wapi.

"Iko ku shamba," Koko akasema. "Atakuya."

Kijana akatafsiri. Kalamu ikasimama. Nilimtazama mama, nikasubiri aseme hapana, alikufa. Kesi yote ilikuwa kwenye neno hilo moja, na Koko alikuwa ameketi hapo pembeni, mikono imekunjwa mapajani, anatabasamu kwa kuwa ameulizwa habari za mwanawe.

"Naomba Koko atoke kwanza," mama akasema. "Nitajibu yote. Mukitaka kuandika vile amesema, muandike. Lakini mi sitaki asikie tena."

Kijana alisita kabla ya kutafsiri. Yule mama wa ofisi aliweka kalamu mezani, akamtazama Koko, akamtazama mama, akatikisa kichwa kukubali. Nikaambiwa nimpeleke nje.

Niseme mapema kwamba kesi haikufa. Walitaka karatasi ya kliniki kuhusu Koko, mama akaipata, dosye ikarudi kwenye foleni, na foleni ni ndefu. Koko aliishi miaka mitatu mingine, akafia mikononi mwetu akiwa ameshiba. Ndege hatukupanda. Niko Nsungwi, mama anashona kule Biwi, na hatulali njaa. Wakati mwingine nawaza tungekuwa wapi, lakini sijawahi kuwaza kwamba mama alikosea.

Nje palikuwa na benchi chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimketisha Koko, nikaketi. Nikasikia mama anaanza kusimulia, kwa utulivu, jambo moja baada ya jingine. Homa ilivyompata baba njiani. Alivyoomba nipakatwe karibu naye. Walivyochimba kwa jembe la kuazima. Alivyokuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimesema alikufa pengine mara mia, fimbo mkononi, lakini sikuwa na mtu wa kumweka kwenye hilo neno. Sasa nilikuwa naye. Ni yule aliyekokota jembe, aliyemwogopa jogoo, aliyemficha mbuzi, aliyelala na mguu nje. Huyo ndiye waliyemfukia kando ya njia, na alikuwa baba yangu. Nikaanza kulia, nikashindwa kunyamaza.

Koko aligeuka. Hakujua ninalia nini, na siku hiyo nadhani hakujua hata mimi ni nani. Aliniona tu mtoto analia kando yake. Akalowesha ncha ya kitenge kwa mate, akanifuta macho, kisha pua, kwa nguvu, kama wanavyofuta wao.

"Nani amekupiga?" akauliza.

Nilizidi kulia.

"Nyamaza. Alimasi akikuya, nitamuambia. Ule hapendi mutu apige batoto."

Nikaegemea ubavu wake. Nikamwambia, sawa, Koko, umuambie.